Spoku 72 na Mama Mkwe Mmoja

Kama una mke, watoto na kitu kimoja cha chuma ulichoachiwa na marehemu baba yako, sogea hapa karibu, maana mimi na wewe tunaumwa ugonjwa mmoja.

Changu ni baiskeli. Raleigh nyeusi ya wanaume, ringi za inchi 28, breki za fito, keria pana inayobeba gunia bila kulalamika. Mzee aliinunua mwaka 1968 kwa fedha za tumbaku. Miaka na miaka aliipanda kutoka Sikonge hadi Tabora mjini, madebe mawili ya asali yakiwa nyuma, kilometa kama 70 za mchanga na miombo. Alipofariki ndugu zangu wakagawana ng'ombe na mashamba. Mimi niliomba baiskeli, na sijajuta hata siku moja.

Inakaa sebuleni, kati ya televisheni na kabati la vyombo. Hapo ndipo vita vilipoanzia. Mke wangu, Mama Kulwa, ni Mzaramo wa Bagamoyo, na mimi kwa mapenzi humwita Mama Nafasi, kwa sababu tangu tuoane hajaacha kuipima nyumba yetu kwa hatua za miguu. "Hapa pangekaa kochi." "Hapa pangekaa friji." Kila akipima, mwisho wa hatua zake ipo Raleigh. Namjibu kwamba kitu cha baba hakilali nje kwenye umande. Naye hujibu kwamba Wanyamwezi tumezoea kulala na mizigo. Wewe unajua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulivyo, ulianza tangu babu zetu waliposhuka pwani na pembe za ndovu, na mtani hakasirikiwi. Basi nanyamaza, na baiskeli inabaki palepale, ila usukani umegeuzwa kamba ya kuanikia kanga.

Niseme kidogo kuhusu spoku, maana ndizo zilizotufikisha kwenye kikao cha familia. Raleigh ya aina hii ina spoku 32 gurudumu la mbele na 40 la nyuma. Jumla 72. Kila Jumamosi asubuhi naigeuza miguu juu uani, nachukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, nafuta spoku moja baada ya nyingine, kisha nazipiga kwa ukucha. Iliyokaza inalia ting. Iliyolegea inalia tep. Mzee ndiye aliyenifundisha kusikiliza, na nilipokuwa mdogo nilidhani anapiga muziki.

Shemeji yangu anayeishi nasi, kijana ninayemwita Antena kwa sababu kila habari ya dunia inatua kwake kwanza, siku moja alinionyesha kwenye simu picha ya gari la Kiingereza la mwaka 1961, Jaguar E-Type, lenye magurudumu ya spoku yanayometa kama sufuria mpya. Akaniambia gurudumu moja la gari lile lina spoku 72. "Shemeji," akasema, "gurudumu moja la tajiri ni sawa na baiskeli yako nzima." Nilifurahi wiki nzima. Nilimhurumia pia mwenye gari, maana ana magurudumu manne, ukizidisha ni spoku 288 za kufuta kila Jumamosi, na huenda naye ana watoto.

Wangu ni watatu. Kulwa na Doto ni mapacha, wasichana, wana miaka kumi. Anayewafuata ni Shija, kama ilivyo desturi yetu kumwita anayezaliwa nyuma ya mapacha, na huyo ana miaka saba na jina la pili la Baruti. Sababu ya jina hilo utaiona.

Mapacha wanapenda urembo. Walianza kuvalisha spoku za mbele shanga za plastiki, nyekundu, njano, buluu, zile zinazopanda na kushuka gurudumu linapozunguka, zikilia chakacha chakacha mtaa mzima. Mwanzoni nilikataa. Kisha nikakumbuka kwamba enzi za misafara hapa Tabora, Unyanyembe ya zamani, shanga zilikuwa fedha. Shanga nyekundu za samesame zilinunua chakula njia nzima, na msafara uliofika na shanga ambazo wenyeji hawazitaki ulilala na njaa. Nikaona wanangu wamerudisha mali mahali pake. Shanga zikabaki.

Jambo lenyewe lilianza nilipokwenda Sikonge kufuata asali, safari ya wiki mbili, kwa basi. Baiskeli niliiacha sebuleni ikiwa nzima. Nilirudi usiku wa manane nimechoka, taa zimezimwa, nikapapasa tairi la nyuma, gumu kama jiwe, nikaridhika. Nikalala. Alfajiri Mama Nafasi akaniamsha: "Baba Kulwa, mama anashuka na treni. Nenda stesheni." Nikaitoa Raleigh, nikaenda na Antena.

Mama mkwe wangu ninamheshimu sana. Mbele yake sinyanyui sauti wala sitanii, mkwe si mtani. Ila hapa kati yetu nikwambie kwamba moyoni humwita Bi Karavani. Hajawahi kuja Tabora na begi moja. Safari hii alishuka na begi, ndoo ya dagaa, mkeka, na gunia la nazi 50.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi nazi ni za wajukuu. Huku kwenu mnapika nini bila nazi?"

Bodaboda wa kwanza alilitazama gunia na kuondoka. Wa pili akataja bei iliyomfanya Mama aseme anakwenda kwa miguu. Nikalifunga gunia kwenye keria kwa mipira mitatu, nikaanza kusukuma. Antena alibeba begi na mkeka, ndoo ya dagaa nikaining'iniza kwenye usukani, na Mama akafuata nyuma akiwa na mkoba wake tu.

Nilikuwa na furaha ya kweli asubuhi ile. Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30 kichwani au begani, akatembea karibu miezi mitatu kati ya Bagamoyo na Tabora. Magurudumu hayakuwa na nafasi kwenye njia ile. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kuleta mikokoteni ya ng'ombe kuelekea Ujiji, mbung'o wakawamaliza ng'ombe, mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Reli ilifika hapa mwaka 1912. Na sasa nazi za Bagamoyo zilikuwa zinamalizia safari ileile juu ya keria ya mtoto wa Mnyamwezi, chini ya miembe, huku mama mkwe akinisifu kwamba baiskeli yangu ni madhubuti. Sifa ya mama mkwe haipatikani sokoni.

Hatukufika mbali. Nilisikia tang, kama waya wa gitaa unaokatika. Kisha tang nyingine. Kisha gurudumu la nyuma likaanza kusugua breki kulia, likaruka kushoto, na kabla sijaita jina la Mungu ringi ikajikunja kama michembe iliyoanikwa juani. Gunia likalala, mshono ukafumuka, nazi 50 zikateremka barabarani.

Watoto wa shule walizikimbilia. Mbuzi wakazikimbia. Antena akaweka begi chini, nikadhani anakuja kusaidia, kumbe anatoa simu apige picha. Bi Karavani peke yake ndiye hakutaharuki. Alijifunga kanga kiunoni, akaanza kuokota moja moja huku akihesabu kwa sauti, na watoto wakamletea nyingine. Zikarudi 49. Hiyo moja anaiulizia mpaka leo.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye gurudumu. Nikahesabu spoku, nikarudia. Mbili zilikuwa zimekatika. Lakini nyingine nane hazikuwepo kabisa, matundu yake kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, yako wazi, masafi, kama jino lililong'olewa na daktari.

Tulipofika nyumbani niliita kikao. Nilitaka kujua nani amezing'oa spoku za baba yangu. Nikatazama nyuso za familia yangu, nikaona hakuna hata mmoja asiye na habari.

Mama Nafasi alianza, bila kificho. Nilipokuwa Sikonge alianzisha biashara ya mishikaki jioni pale nje. Wewe mwenyewe umekula mishikaki, unajua vijiti vya chuma vinavyochoma nyama mjini hapa ni spoku za baiskeli. Alikuwa nazo za dukani, zikawa hazitoshi. "Za kwako ni nene, na hazina kutu kwa sababu unazifuta kila wiki," akasema. Nilishindwa kupinga, maana ni kweli nazifuta. Alikuwa amechukua nne. Aliyezitoa ni Antena, kwa spana yangu, na kwa kuwa hakutaka kuzunguka zunguka alitoa nne zinazofuatana upande mmoja. Kisha akarudisha mpira na tairi, akajaza upepo vizuri.

Antena alikuwa amejichukulia moja yake. Ni antena ya redio yake, imesimama dirishani mpaka sasa.

Shija alikiri huku analia. Yeye na rafiki zake walitaka spoku moja na kikofia chake cha shaba, wanakitia unga wa vichwa vya viberiti, wanapiga chini, inalipuka. Hapo sikucheka. Nilimkalisha, nikamshika vidole vyake kumi nikavihesabu mbele yake, nikamwambia hivi navyo havina vya akiba. Alielewa.

Zilibaki mbili. Kimya kikatanda. Bi Karavani akafungua zawadi aliyokuwa amepewa na binti yake dakika chache kabla, imefungwa kwa karatasi ya maua. Ndani yake zimelala spoku mbili, ncha zimenolewa na kusuguliwa kwa msasa. Sindano za kufumia. Alikuwa amekuja na sufu ya kuwafumia wajukuu masweta, kwa sababu asubuhi za Juni hapa Tabora zinamtisha mtu wa pwani.

"Mwanangu, hizi ni zako?" akaniuliza, akizinyoosha kwa mikono miwili.

Ungejibu nini wewe? Nilisema, "Hapana mama, ni zako."

Mama Nafasi ndipo akatoa hoja yake kuu. "Baba Kulwa, mbele zipo 32 na gurudumu halijaanguka. Nyuma zilikuwa 40, tumetoa nane, zikabaki 32. Sasa kosa liko wapi?" Kikao kizima kikatikisa kichwa kukubali. Hata Shija aliacha kulia.

Kosa liko hapa, na nililieleza usiku kucha. Watu hudhani habu imekaa juu ya spoku za chini, kama nyumba juu ya nguzo. Spoku haiwezi kuwa nguzo. Ni uzi wa chuma, ukiusimamisha na kuuwekea mzigo utapinda. Inabeba kwa sababu imevutwa, kama ngozi ya ngoma. Za kulia zinavuta kulia, za kushoto zinavuta kushoto, na ringi inanyooka kwa kuwa hakuna upande unaoshinda. Mfaransa Eugène Meyer alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1869, na mwaka 1874 James Starley wa Coventry akaja na spoku zilizolala mshazari, ili gurudumu likizungushwa kwa nguvu zisijisokote. Gurudumu la mbele lina 32 zilizopangwa sawa kwa ajili ya mzigo mdogo. La nyuma linabeba mtu, keria na nazi. Ukitoa nne zinazofuatana upande mmoja, umewaachia wa upande wa pili kamba yote waivute peke yao, na ringi inawafuata. Mzigo uliobaki unazikata spoku jirani, na hizo zikikatika zinazielemea nyingine.

Nilipomaliza, mapacha walikuwa wamelala. Mama Nafasi alisema ameelewa, ila zile nne zimekwisha kugusa nyama, haziwezi kurudi sebuleni.

Siku iliyofuata nilibeba gurudumu begani hadi kwa fundi wangu chini ya mwembe. Alilisuka upya siku mbili. Alilegeza zote, akanyoosha ringi kwa goti na kwa macho, akakaza robo mzunguko hapa, robo mzunguko pale, akilizungusha na kulisikiliza kama mzee alivyokuwa akifanya. Ringi ile iliyotoka kiwandani Nottingham, yenye zaidi ya miaka 50, ilirudi ikazunguka bila kuyumba. Nilitaka kumkumbatia.

Spoku mpya nene za urefu ule tulizipata tisa tu kati ya kumi. Kwa hiyo Raleigh ya baba yangu sasa ina 71, imerudi kati ya televisheni na kabati, ina kanga usukanini na shanga mbele, na Bi Karavani amekaa pembeni yake anafuma sweta la tatu.

Ndugu yangu, vijana wa vyuma chakavu wanapita kila mtaa na mizani zao. Kama nyuma ya nyumba yako kuna Raleigh ya mzee iliyokufa, tafadhali usiwape ipimwe kwa kilo. Mwite fundi kwanza. Na kama kweli haiponi, nitolee spoku moja ya nyuma. Jumamosi asubuhi nipo uani, nafuta zangu.