Sifa za Praima Isiyokauka

Wengine wasifu maharusi na mawaziri. Mimi naisifu praima yangu, rangi ya msingi iliyogoma kukauka.

Niliipuliza Jumamosi asubuhi juu ya askari wa rezini, kimo chake milimita 28. Kopo liliahidi dakika 20. Jumatatu nilipomshika, naye akanishika. Dole gumba langu likabaki mgongoni mwake, mistari yote dhahiri, kama ninavyolibandika kwenye fomu za serikali. Rangi nyingine zikishakauka hazina habari na wewe. Hii ilipokea kila aliyebisha hodi: unywele wa paka, uzi wa shati, na mbu mmoja aliyetua juu ya ngao, akatandaza mbawa, akawa nembo ya kikosi.

Tena haina unafiki. Askari huyu alichapwa kwa printa ya 3D, na askari wa namna hiyo huzaliwa amepakwa rezini mbichi. Sharti aoshwe kwa alkoholi, akauke, kisha aivishwe kwa taa ya urujuanimno. Mimi nilimwogesha kama mtoto anayewahi katuni. Praima ikanichongea mbele ya wageni. Nikajaribu kuihonga kwa koti la pili (ushauri wa mtu asiyewahi kushika kopo), ikalipokea, ikanata maradufu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami nikaipa mswaki mkuukuu, glovu na bakuli la alkoholi ya isopropili. Ee bwana, iliyokataa kukauka ikakataa na kuondoka! Mgongoni ilitoka kwa ukarimu, lakini kwenye mikunjo ya joho, kwapani na puani niliichokonoa kwa kijiti cha meno hadi adhana ya alfajiri. Nikamsahau askari bakulini kidogo, upanga ukalegea kama tambi. Maji ya moto yakaunyoosha, karibu.

Safari hii nilimkausha kweli, nikamuivisha pande zote, hadi chini ya joho. Nikasubiri siku isiyo na mvua, nikatikisa kopo mpaka mkono ukafa ganzi, nikapuliza kwa mbali kidogo, ukungu mwembamba, pasi baada ya pasi. Dakika 20, ikakauka. Kijivu safi, haishiki kitu, haina la kusimulia.

Mpwa wangu alimgeuzageuza, akamrudisha rafuni.

“Mjomba, mbu wake yuko wapi?”