Mafundi wa Boneti

Ukitaka kujua mtaani kwenu kuna mafundi wangapi, fungua boneti. Huku kwetu Tabata gari likigoma kuwaka asubuhi, huna haja ya kupiga simu. Nyanyua boneti tu, watakuja.

Wa kwanza ni jirani na kikombe chake cha chai. "Hiyo plagi, jirani." Hajashika kitu, hata kuinama hajainama. Anafuata kijana wa bodaboda: "Bosi, pampu ya mafuta imekufa. Wahi Kariakoo." Mama muuza vitumbua, ambaye hata baiskeli hajawahi kumiliki, anaapa ni stata, kwa kuwa la shemeji yake lilikuwa stata.

Ushauri wao ningeuvumilia. Kinachonikera ni kwamba gari lenyewe linasema linapoumwa, na hakuna anayelisikiliza. Ukizungusha ufunguo likalia "ta-ta-ta-ta" huku taa za dashibodi zikififia, umeme hautoshi: ama betri imeishiwa, ama nyaya zake zimelegea. Likigonga "ko!" mara moja na taa zisitikisike, hapo mtaje stata. Injini ikizunguka vizuri lakini haishiki, ndipo tuanze habari za plagi na pampu. La kwangu lilikuwa ta-ta-ta tangu alfajiri, kuku wote wa mtaa ni mashahidi.

"Tusukume!" akapayuka mmoja. Nikawaeleza kuwa ni la otomatiki, na gia za otomatiki hazishiki injini ikiwa imezima, hata mkilisukuma hadi Chalinze. Nani asikie? Walishakamata buti, "Moja, mbili, haya!" Likaenda hadi kwenye dimbwi, likatulia humo.

Fundi wa kweli alipofika aliuliza swali moja: "Linaliaje?" Akachukua spana namba 10, akafungua waya wa betri uliojaa unga mweupe, akausafisha, akaukaza. Likawaka. Shilingi 5,000, akaondoka.

"Si nilisema ni umeme?" Huyo ni jirani, sasa yuko kikombe cha pili.

Wasukumaji nao wakanizunguka, wanataka soda, tena za baridi. Nikauliza, soda ya nini na gari hamkuliwasha? Kijana wa bodaboda akanitazama kwa huruma.

"Bosi, sisi kazi yetu ilikuwa kusukuma. Kuwaka ni mambo yako na gari lako."