Sifa za Antena Fupi

Katika nchi ambayo mnyama wake wa taifa ni twiga, kusimama hadharani na kukisifu kitu kwa ufupi wake kunataka moyo. Mimi nimejitwisha. Nataka kuimwagia sifa antena fupi ya gari, ile ya mpira mweusi isiyozidi kidole cha shahada, inayofungwa juu ya paa baada ya ndefu kuvunjika, na ambayo hapa Mpanda hakuna anayeiheshimu: si mwenye gari aliyeinunua, si fundi aliyeifunga, wala si redio iliyounganishwa nayo.

Na kama kuna mahali panapostahili kuisifu, ni hapa. Mkoa wa Katavi wenyewe tuliupata mwaka 2012 kwa kuumega Rukwa, na sijasikia aliyelalamika kwamba umetoka mfupi. Reli yetu nayo ni kipande: inachepuka Kaliua, inakuja mpaka Mpanda, inaishia. Waliokijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wanafuata madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, kipande kikabaki, na abiria na magunia wanapanda mpaka leo. Sisi ni watu tunaojua kuishi na vitu vilivyokatwa.

Tuanze na marehemu, maana sifa za aliye hai hazinogi mpaka aliyemtangulia asemwe kidogo. Antena ndefu ilikuwa na maringo. Ilisimama juu ya paa ikicheza na upepo, ikaona mbali, ikashika stesheni zote, na kwa sababu hiyohiyo ikawa ya kwanza kukutana na kila balaa. Pembeni mwa Ziwa Katavi kuna mkwaju ambao wenyeji husema ndimo anamokaa Katabi, mzimu wa Wabende aliyeipa Hifadhi ya Katavi jina lake, na watu hupeleka sadaka chini ya mti huo. Miembe ya mitaani mwetu haijapewa heshima kama hiyo, kwa hiyo inajichukulia yenyewe. Unaegesha kivulini saa saba mchana, unatoka kwa kurudi nyuma, unasikia "ta!", na sadaka imepokewa.

Ikinusurika mwembe, kuna mzigo. Gari la huku halina paa, lina ghorofa: magunia ya mpunga kutoka Mpimbwe, madumu ya asali kutoka Inyonga, godoro, baiskeli, na jogoo mmoja asiyejua kwa nini kaletwa. Turubai likivutwa na kamba kukazwa, antena ndefu inalala chali na haiamki tena. Ikinusurika turubai, kuna kijana anayeosha magari, ambaye husugua paa kwa mkupuo mmoja huku anazungumza na mwenzake upande wa pili. Na ikinusurika huyo, kuna watoto, ambao wanajua kwamba chuma kile kinafaa kusukumia ringi. Hakuna shetani katika orodha hii. Wote ni watu na vitu vyenye shughuli zao halali, na antena ndefu iliwakaa njiani.

Fupi haiko njiani kwa mtu. Tawi linapita juu yake. Turubai linaifunika na kuifunua ikiwa nzima. Sponji inaikwepa bila mwenye sponji kuwaza lolote. Watoto wanaitazama, wanaipima kwa macho, wanaiacha. Nani kati yetu amewahi kuachwa na watoto wa mtaa kwa heshima ya namna hiyo?

Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, iwapo kisiki cha marehemu hakijagoma. Huwa kinagoma. Vumbi jekundu la kiangazi likichanganyika na mvua za masika hutengeneza kutu inayoshika kuliko gundi ya dukani, kwa hiyo fundi anadondoshea dizeli kidogo, anasubiri, anabana kwa plaizi na kuzungusha taratibu kinyume cha saa huku midomo kaikunja kama anayenyonya embe. Akikurupuka, thredi zinakatika humo ndani, na hapo kazi ya dakika chache inageuka kuwa ya kushusha kapeti ya dari. Kisiki kikitoka, anafungua pakiti mpya. Humo kuna antena na vijiskrubu vitatu, cha milimita 4, cha 5 na cha 6, maana kila kiwanda cha magari kilijiamulia chake. Anajaribu cha 4 kinapwaya, cha 6 kinakataa kuingia, cha 5 kinakaa. Kabla ya kukaza anapapasa mpira wa kitako, ule unaozuia maji. Ukiwa umepasuka, mvua ya kwanza itakudondokea utosini ukiwa umeshika usukani, na utailaumu antena ambayo haina hatia.

Kijana aliyenifungia yangu alianza kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee. Tuweke ndefu au fupi?"

"Marahaba. Ipi inashika?"

"Ndefu ndiyo inashika, mzee. Fupi ndiyo inakaa."

Kisha akaongeza kwamba akitaka kunipunguzia gharama anayo spoku ya baiskeli. Nikachagua inayokaa.

Wapinzani wataleta fizikia, na ni haki yao. Watasema mawimbi ya FM kwenye megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na kwamba antena ya gari inayojiheshimu hutakiwa iwe robo ya wimbi, yaani sentimita 75. Wewe unaleta sentimita 10? Naleta. Kwanza, hawajamaliza hesabu yao. Ile fimbo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la paa lenyewe, ndiyo maana fundi mzuri huhakikisha kitako kimegusa chuma kisicho na kutu wala rangi. Mwenye antena fupi, kwa hiyo, ana antena kubwa kama gari zima, ila hajitangazi. Pili, ndani ya ule mpira kuna waya mwembamba uliozungushwa kama springi. Ukiunyoosha, ni mrefu kuliko unavyodhani. Urefu haukupotea, umejikunja. Ni kweli kwamba wimbi halidanganyiki kirahisi hivyo, na kwamba springi hukamata kidogo kuliko fimbo iliyonyooka. Ni kweli pia kwamba zipo za bei ya kutupa ambazo ukizipasua unakuta mpira, skrubu na hewa. Mtu anayesifu hatakiwi kukaa sana kwenye mambo hayo.

Nitakaa kwenye hili: nusu ya lawama zinazotupiwa antena fupi zingetumwa Japani. Magari mengi yanayotembea hapa, zile IST, Vitz, Noah na Probox, yalitengenezewa Wajapani, na redio zao zilitengenezewa FM ya kwao, iliyoanzia megahezi 76 na kuishia 90. FM yetu inatembea kuanzia 87.5 hadi 108. Redio hiyo ukiifungia mlingoti wa meli, bado sehemu kubwa ya stesheni zetu ziko nje ya masikio yake. Ndipo fundi anapochomeka kiboksi kati ya waya wa antena na redio, kiboksi cha kushusha namba, na kama kinashusha 14, stesheni ya 97 unaikuta kwenye 83. Dereva anakariri namba mbili kwa kila stesheni, ya mtangazaji na ya gari lake. Kiboksi nacho kinakula sehemu ya nguvu ya mawimbi, kwa hiyo sauti inafika imechoka. Abiria wa mbele anainua macho kwenye paa, anatikisa kichwa: "Tatizo ni hii antena yako fupi." Na antena inanyamaza. Sijui kiumbe kingine chenye subira ya namna hiyo juu ya kosa la mwingine.

Lakini fadhila yake kuu inaonekana ukishika njia ya kusini. Kutoka Mpanda hadi Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Katavi, ni kilomita 35 hivi. Mwenye antena ndefu husikia taarifa ya habari mbali kuliko wewe. Wewe mwenye fupi, sauti ya mtangazaji inaanza kukwaruza mapema, waziri anakatwa katikati ya ahadi, tangazo la sabuni linaingia nusu, kisha ni "shwaaa" mpaka dereva azime mwenyewe. Na azime wapi kama si hapo? Darajani Sitalike, Mto Katuma una viboko, na kiboko akikoroma hahitaji megahezi.

Mbele ya daraja barabara inaingia msituni, ndani ya hifadhi ya kilomita za mraba 4,471, na hapo anaingia mwenyeji wa kweli wa njia hii: mbung'o, ambaye huku wengi humwita ndorobo. Lucian, mwandishi wa karne ya 2 aliyeandika kwa Kigiriki, alimtungia nzi sifa nzima nzima, akamsifu mbawa na ushujaa. Ni wazi hakuwahi kupita hapa. Mbung'o hulifuata gari linalotembea akidhani ni nyati mnene, na anapenya suruali ya jinzi bila kubisha hodi. Kwa hiyo vioo vinapandishwa, joto linapanda navyo, na watu saba waliomo ndani ya mchomoko ulioundwa kubeba watano wanabaki wamefungiwa pamoja, bila upepo na bila redio.

Hapo ndipo watu wanapoanza kuongea. Mama wa nyuma anataja bei ya mahindi aliyoiacha sokoni, mzee wa pembeni anaipinga, inabainika mzee ni Mpimbwe na mama ni Mkonongo, yanaulizwa majina ya vijiji, yanaulizwa ya wajomba, na kabla ya Kibaoni limeshapatikana shauri la mahari ambalo mmoja wao alikuwa analikwepa tangu mwaka juzi. Redio ingekuwa inashika, lingeokoka. Mimi nimefika safari kama hizo nikijua habari za kata nzima, na za kweli kuliko zilizosomwa saa saba. Niambie antena ndefu imewahi kumletea nani habari ya ng'ombe wa jirani.

Kuna na suala la bendera, ambalo watu wazima huligusa kwa uangalifu. Antena ndefu, pamoja na kazi yake, ni mlingoti. Msimu wa kampeni ukifika inafungiwa kitambaa cha chama. Siku ya Simba na Yanga inafungiwa cha timu. Harusini inafungiwa utepe ambao utabaki juu hadi ubadilike rangi, bibi harusi akiwa ameshajifungua. Mwenye gari hakuulizwa, aliegesha tu. Antena fupi haina pa kufungia. Unamwona kijana mwenye bendera anaikaribia, anazunguka paa, anatafuta, anakwenda kwa jirani. Unalipita kundi la Yanga na kundi la Simba mchana mmoja, na kote unapungiwa mkono. Viongozi wa dini wanaotaka kukwepa siasa wangeifikiria.

Najua lililobaki midomoni mwenu: siku hizi nani anasikiliza redio ya gari? Dereva anachomeka flashi, nyimbo mia tatu zinajirudia kutoka Mpanda mpaka Sumbawanga, na antena, fupi au ndefu, inakwenda bure kama abiria aliyefichwa. Hoja nzuri, nami naiongeza kwenye sifa. Kitu kisichotegemewa hakimwangushi mtu.

Ninachokataa ni huyu mpya, lile pezi la papa. Kwenye magari yaliyozaliwa nalo sina ugomvi. BMW walianza kuliweka mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani yake mna antena za kweli, ya GPS na ya simu. Nasema la kubandika, la plastiki, linalouzwa na gundi yake nyuma, ambalo mtu analipachika juu ya IST ya mwaka 2004 na kuanza kutembea kwa mabega. Antena yangu fupi inashika kidogo, ila ina skrubu, ina waya, na imegusana na bati. Ukikutana na papa juu ya paa mtaani Mpanda, zaidi ya kilomita elfu moja za barabara kutoka Bahari ya Hindi, mwombe mwenyewe alinyanyue kidogo akuonyeshe waya unapita wapi.