Tani Moja ya Maji Kwenda Rufiji

Shangazi yangu alipostaafu alihamia Ndundu, ng'ambo ya Daraja la Mkapa, alikokuwa amenunua kiwanja. Akakodi Fuso ya ekseli mbili. Kwa kuwa Mbagala nzima huiita "Fuso tani kumi", akaamini amelipia haki ya tani kumi, na kwamba tani hupimwa kwa macho.

Vikapanda makochi ya mninga, kabati la vyombo, friji mbili (moja mbovu, lakini ya kumbukumbu), nondo, kisha mifuko 100 ya saruji. Kila mfuko kilo 50, kwa hiyo saruji peke yake tani 5. Ndani ya gari moja kulikuwa na nyumba mbili: iliyohamwa na itakayojengwa.

Mwisho likapanda tanki la plastiki la lita 1,000, likakaa nyuma kabisa, mlangoni, ili liwe la kwanza kushushwa. Shangazi akaazima mpira wa jirani, akalijaza maji ya bomba hadi shingoni.

"Shangazi, Rufiji si ndio mto mkubwa kuliko yote nchini?"

"Una mamba," akajibu, akakaza mfuniko.

Nikanyamaza. Mto unaopokea Kilombero na Ruaha Mkuu, unaozungusha mitambo ya megawati 2,115 kule Bwawa la Nyerere, ulikuwa unapelekewa maji ya Mbagala.

Dereva wetu, mzee wa Kindengereko asiyependa maneno mengi, alilizunguka gari mara moja, akatazama tairi za nyuma, akakataa kwenda safari kabla ya kupima. Tukaenda kwenye yadi ya vyuma chakavu yenye mizani yake. Karatasi ikasema: mbele tani 4.9, nyuma tani 11, jumla 15.9.

Sheria tunayotumia ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kazi kwetu 2019. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10. Jumla 18.

"Basi bado tuna tani mbili na ushee!" Shangazi akafurahi.

"Zimebaki mbele, mama," dereva akasema. "Nyuma tunadaiwa."

Ikabidi aelezwe. Tanki lilikuwa limekaa nyuma ya tairi za nyuma, likifanya kazi ya mtoto mnene kwenye pembea: linakandamiza huku, linainua kule. Maji ya tani 1 yalikuwa yanaongeza tani 1.2 kwenye ekseli ya nyuma, na kuipunguzia ya mbele kilo 200. Shangazi alisikiliza kwa uso wa mtu anayeibiwa.

Vijana wa gereji ya jirani, ambao hakuna aliyewaita, wakaleta tiba yao: ongezeni vipande viwili vya springi kila upande, gari litasimama wima. Litasimama kweli. Springi huzuia gari lisionekane limelemewa. Uzito unabaki uleule, na mizani haijali gari limesimama vipi.

Shangazi akaja na lake. Ubavuni mwa mlango uzito wa gari ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe. "Kwani hii si rangi tu? Kopo moja linatosha."

Dereva akamtolea kadi ya gari. Namba ya mlangoni ni nakala tu, na ya kwenye kadi haibadilishwi kwa brashi. Ukitaka nyuma ibebe zaidi kihalali, nunua Fuso ya ekseli tatu, ile tandamu, ambayo ekseli zake mbili za nyuma huruhusiwa tani 18 kwa pamoja. Shangazi akauliza bei. Akaambiwa. Akarudisha kadi.

"Si kuna asilimia 5 ya kusamehewa?" Hapo alinishangaza, kumbe habari za redio huwa anazisikiliza. Asilimia hiyo ina historia yake: Oktoba 2013 Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, aliifuta, wenye malori wakagoma, mpaka Waziri Mkuu Pinda akairudisha. Lakini asilimia 5 ya tani 10 ni kilo 500, na sisi tulizidisha 1,000.

Ukali huo una sababu. Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Marekani, wanajeshi waliendesha malori kuzunguka barabara za majaribio kwa karibu miaka miwili, ili wahandisi waone lami inavyokufa. Waligundua kwamba madhara hupanda kasi kuliko uzito: ekseli ikizidi kwa asilimia 10 tu, uharibifu hupanda kwa karibu nusu. Aliyewahi kupita Ndundu hadi Somanga kabla ya lami, masika, Fuso zikiwa zimezama hadi ekseli, hatamwonea huruma mtu wa kopo la rangi.

Basi maji yakamwagwa. Yaani yaligawiwa, maana ndoo ya kwanza ilipokinga, mtaa mzima ulisikia. Akina mama walipanga foleni, wawili wakamwombea Shangazi pepo, mmoja akauliza kama tutapita tena Jumamosi.

Kwenye mizani ya serikali tulisoma: nyuma 9.8. Tukapita.

"Zimebaki kilo 200," Shangazi akasema palepale, na Kibiti akashuka kununua magunia ya nazi. Dereva akayaelekeza mbele, kwenye kabini, mengine miguuni kwangu. Nilivuka Daraja la Mkapa magoti yakiwa kidevuni.

Ndundu kijana mmoja alilinyanyua tanki tupu, akalitua kichwani, akaondoka nalo. Shangazi akamtazama.

"Lingekuwa limejaa, lingeshushwa na nani?"

"Swali hilo, mama," dereva akasema, "nalingoja tangu Mbagala."