Usiku Maji Yalipotoka Magongo

Nyumbani kwetu Magongo, karatasi zilikuwa na heshima kuliko vyombo. Mama alizihifadhi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda: barua ya UNHCR, vitambulisho vya wageni vyake na vya Papa, kadi zetu za kliniki, vyeti vya shule, hata risiti za kodi ambazo wino wake ulishafutika. Wao walitoka Uvira, Kongo, vita vilipoingia Oktoba 1996, wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma bila kipande chochote chenye majina yao. Tangu hapo Mama hajatupa karatasi. Mimi na mdogo wangu tulizaliwa huku Mombasa.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja, tusionekane. Kiswahili chetu kiwe cha hapa, ndagala tuziite dagaa, na mtu akiuliza kwetu ni wapi, tujibu ni hapa hapa Changamwe. Machi 2014 serikali ilipoamuru wakimbizi wote wa mijini wahamie Dadaab na Kakuma, Papa aliingiza cherehani kutoka barazani akawa anashona mlango umefungwa, na joto lile. Nilijifunza kuficha kabla sijajua nina nini cha kuficha. Nilipokuja kufahamu kwamba moyo wangu unakwenda kwa wasichana, sikuhitaji kuambiwa nifanye nini. Tena hofu yangu haikuwa ya nafsi yangu peke yake: askari akija kwa ajili yangu, vitambulisho atakavyotaka kuviona ni vya wazazi wangu.

Tulijuana kwenye kwaya, mimi na msichana mmoja, kisha akaenda bweni. Simu shuleni ni marufuku, na kwetu simu ilikuwa moja, ya Papa. Kwa hiyo aliniandikia kwenye kurasa za daftari, kwa kalamu ya buluu, akikunja kila barua hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Akija likizo alinipa fungu zima. Nilizitia mahali ambapo hakuna ambaye angezitafuta, chini kabisa ya sanduku la Mama, ndani ya bahasha ya kadi za kliniki.

Ikaingia Mei 2019, katikati ya Ramadhani. Papa ni Mkristo, lakini mwezi huo ndio mwezi wake wa riziki. Kanzu, madera, suti za watoto za Idi. Vitambaa vya watu vilijaa kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni. Ijumaa tarehe 24 redio yake ikatangaza kwamba majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi wamekataa kuviondoa vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, kwa hiyo kifungo cha hadi miaka 14 kiko pale pale. Wateja wakafurahi. Mmoja akasema mambo hayo yameletwa na watu wa kuja. Papa akaitikia, na mtu wa kuja angefanya nini ila kuitikia? Mimi nilikuwa mkekani nashona upindo wa dera la mtu, sindano ikanichoma, nikaendelea kushona.

Usiku wa Jumapili maji yakatoka. Aliyekaa Magongo anajua ilivyo: mfereji unaweza kukauka wiki nzima, mkanunua mitungi kwa mwenye mkokoteni, na mfereji mnauacha wazi, mpira umetiwa kwenye pipa, ili maji yakija usiku yasiwapite. Safari hii yalikuja kwa nguvu, mpira ukachomoka. Sisi tumelala. Jirani yetu aliamka kupika daku, akaweka mguu kwenye ushoroba, akakuta maji ya kifundo. "Fundi! Fundi amka, nguo za watu!"

Nyumba nzima ikatoka na ndoo. Mchongaji wa Kikamba wa chumba cha nyuma, ambaye kazi yake iko kwenye ushirika wa wachonga vinyago hapo Changamwe, alileta gunia la maranda akayamwaga sakafuni yanyonye maji, mpaka chumba chetu kikanuka mpingo na makaa. Wanawake wakakamua kanzu wawili wawili. Kulipokucha ua wote ulikuwa kamba za nguo, na Papa akapanda matatu kwenda Biashara Street kutafuta kitambaa cha kufidia kile kilichotoa rangi.

Mama hakuuliza habari za kanzu. Alibeba sanduku lake uani, akalifungua, akaanza kuanika karatasi moja moja, kila moja na kibanio chake. Barua ya UNHCR. Cheti changu cha ubatizo. Kisha akafika kwenye bahasha ya chini. Nilikuwa upande wa pili wa ua, ndoo mkononi, nikamwona anakunjua kikaratasi cha kwanza kwa kucha, polepole kisichanike, anakibana kambani kati ya kanzu mbili nyeupe. Akachukua cha pili.

Mdogo wangu ndiye aliyesoma. Alikuwa bado anajivunia kusoma kwa sauti, akasoma mstari mzima wa mapenzi mbele ya watu wote, jina la msichana chini yake. Akauliza, "Hizi za nani?" Ningeweza kusema ni za rafiki amenipa nimtunzie. Jibu hilo nilikuwa nimeliandaa tangu zamani. Nikasema, "Ni zangu." Sikuwahi kutamka neno lolote la jambo hilo kwa binadamu yeyote, hata kwangu mwenyewe nikiwa peke yangu, na magoti yalitetemeka, lakini sauti ilitoka nzima. Jirani akainama akaendelea kukamua.

Mama akatia makaa kwenye pasi. Alizipiga pasi karatasi zote juu ya kanga iliyokunjwa, za serikali na zangu, na kusoma anajua, alifundishwa na masista. Nilisimama pale nikimwangalia macho yanavyopita mstari kwa mstari. Alipofika kwenye moja akaiinua kwenye mwanga. "Hii wino umetambaa," akasema. "Utamwomba aiandike tena."

Sitasema alibadilika siku hiyo. Jioni alilia, na kwa miezi alinipeleka kwenye maombi, mikono ya watu kichwani mwangu, nami nikaenda kwa kuwa nampenda. Lakini barua alizirudisha sandukuni, katika bahasha mpya, juu ya vyeti vya shule. Nilikuwa nikilifungua sanduku nikiwa peke yangu, nazikuta. Kwangu hilo lilifanya kazi kubwa kuliko maombi yote, kwa maana namjua Mama na ninajua anachokiweka mle.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shirika la kutetea haki za watu kama mimi haliwezi kunyimwa usajili, baada ya kesi ya miaka kumi aliyoianzisha Eric Gitari. Vile vifungu viwili havikuguswa, na Septemba mwaka huo watu waliandamana hapa Mombasa kupinga uamuzi. Mama alikuwa akitwanga sombe, kisamvu cha kwao, nilipomsimulia. Akaacha mchi. "Kwa hiyo karatasi yao watapata?" Nikasema watapata. Akafikiri kidogo, akauliza kama yule wa barua anakula sombe.

Anakula, na huja. Papa mpaka leo hilo jambo halitaji. Desemba iliyopita alimpima mwenzangu kitenge cha Krismasi, akaandika vipimo kwenye ukurasa wa watu wa nyumbani, wale wasiolipa. Gauni likabana kiunoni. Mwenzangu akarudi nalo, akamwambia amekosea, Papa akasema yeye ndiye aliyenenepa, na wakabishana mpaka Mama akawaita mara tatu waje kula.