Sifa za Herufi T

Herufi A imekwisha kusifiwa vya kutosha. Wazazi huipikia pilau, na walio ughaibuni huipiga picha na kuirusha kwenye kundi la ukoo kabla wino haujakauka. F nayo ina watu wake wa kuililia. Lakini katika transkripti ya chuo kikuu cha Marekani imo herufi nyingine, imejibanza juu kabisa, kabla hata ya semista ya kwanza, na hakuna anayeiimbia: T. Vyuo vingine huiandika TR. Ni alama ya kozi uliyoisoma chuo kingine ukahama nayo. Leo naisimamia mimi.

Kazi yake haina makuu. Unafika chuo kipya na matokeo yako ya zamani, msajili anatazama: kozi hii ina C au zaidi? Ikiwa nayo, krediti zinaingia na alama inabaki mlangoni. Palipokuwa na A panawekwa T, palipokuwa na C panawekwa T, na GPA yako inaanza upya kana kwamba hujawahi kufanya mtihani maishani. Ndiyo desturi ya vyuo vingi huko. Vipo, hasa vilivyo chini ya mfumo mmoja wa jimbo, ambavyo hubeba na alama zenyewe, lakini hivyo sivizungumzii, vinaniharibia sherehe.

Niambie, nani mwingine mwenye usawa wa namna hii? Chukua vijana wawili walioanzia chuo cha jamii cha miaka miwili, kama wafanyavyo wengi wenye kuwaonea huruma wanaowalipia ada. Mmoja amekesha na vitabu, akamaliza krediti 60 kwa GPA ya 3.9. Mwenziwe amekesha na gemu, akamaliza krediti 60 hizo hizo kwa 2.1. Wanahamia chuo kikuu kimoja. Semista ya kwanza kila mmoja anachukua krediti 12. Mkesha-vitabu anakutana na kemia ya kaboni na wenzake wabaya, anatoka na 2.5. Mkesha-gemu, mjuzi wa kunusa kozi laini, anatoka na 4.0. Kwa hesabu ya kuunganisha, wa kwanza angekuwa na 3.67 na wa pili 2.42. Lakini T imekwisha kupita. Transkripti mpya inasema 2.5 na 4.0, na anayepata barua ya pongezi kutoka kwa mkuu wa kitivo ni yule wa gemu.

Wenye uchungu huuita huo uonevu. Nawauliza: mchezaji akitoka Simba kwenda Yanga, anahama na miguu yake au na mabao yake? Mabao hubaki Msimbazi. Jangwani watataka kuona miguu.

Tena T huipa heshima kila alama mpya. Aliyetulia chuo kimoja na krediti 60 za 3.9 akipata D katika kozi ya krediti 3, anateremka hadi 3.76 na hakuna anayegundua. Mhamiaji aliyepata A tatu na D moja, zote za krediti 3, anasomeka 3.25. Hapo D imeonekana, imetambuliwa, imepewa kiti cha mbele.

Ada ya kusifu inataka nasaba, na T haikuokotwa jalalani. Mwaka 1905 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 za pensheni za maprofesa. Wakfu uliokabidhiwa fedha hizo ukaweka masharti ya chuo kinachostahili, likiwemo la kupima masomo ya sekondari ya wanaodahiliwa kwa kipimo kimoja cha muda: saa 120 hivi za darasani kwa somo kwa mwaka. Vyuo vilipenda pensheni, vikakubali, na baadaye vikazipima kwa saa hata kozi zao wenyewe. Kwa hiyo mti uliozaa krediti ulipandwa ili wazee wastaafu wasilale njaa. T ikijali saa ulizokaa kitini kuliko ulichotoka nacho kichwani, haina kosa, imelelewa hivyo.

Na haina ubadhirifu. Ofisi ya serikali ya Marekani inayokagua matumizi ya umma, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kuwa wanaohama vyuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Anayetoka chuo cha robo mwaka kwenda cha semista hukatwa theluthi: krediti 4 zinakuwa 2.67, na kozi inayodai 3 inamkodolea macho. Zinazosalimika huweza kuandikwa kuwa za hiari tu, zikajaza krediti 120 za shahada bila kutimiza hata sharti moja la fani. Ukitaka kubisha, usiende na machozi, nenda na silabasi ya kozi ya zamani.

Ukarimu wake hasa wanaujua waliotoka kwetu. Kijana anatua kutoka Dar es Salaam na GPA ya 4.5, daraja la kwanza kwa mizani yetu ya 5, mbele ya watu ambao kilele chao ni 4.0. Bila T ungezuka mjadala mrefu dirishani. T inawaokoa wote: hakuna 4.5, hakuna 4.0, kuna krediti tu, karibu ukae.

Wapo wanaodhani T husahau. Hao hawajaomba kusomea sheria. LSAC, wanaosimamia maombi ya shule za sheria, hudai transkripti ya kila chuo ulichopitia kabla ya shahada ya kwanza, kisha hukokotoa GPA upya kwa alama za asili, hata ile F uliyoirudia. AMCAS hufanya vivyo hivyo kwa wanaoomba udaktari. Hapo mkesha-vitabu, anayetaka udaktari, anarudishiwa A zake zote. Mkesha-gemu, ambaye barua ya mkuu wa kitivo ameitia fremu, ndiye aliyepania kuwa wakili.