Kopo Halina Likizo

Nyumbani kwetu Masinya, upande wa Uganda wa Busia, hakuna kopo tupu. Mafuta yakiisha asubuhi, adhuhuri kopo limeshapata kazi: kuchotea maji, kukamulia mbuzi, kupimia nafaka. Lililo dogo kabisa hutobolewa kifuniko, likatiwa utambi na mafuta ya taa, likawa tadoba. Chupa ya soda hubeba maziwa mpaka ichakae, kisha hushushwa cheo ikabebe mafuta ya taa. Kwetu hakuna anayestaafu.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, hakuijua katiba hii. Alitoka kwao Busia ya Kenya akaja kukaa nasi akisubiri matokeo ya kidato cha nne, na simu yake ilijaa video za watu wa ng'ambo wanaogeuza makopo kuwa taa za sebuleni. Katika video hizo kopo huokotwa kwenye pipa la taka, halina ndugu wala jamaa. Sisi hatuna pipa. Tuna jiko, stoo na Mama.

Krismasi ilikuwa inakaribia, na mke wangu akampa mdogo wake ruhusa ya kupamba. Chupa zikaanza kukatwa ziwe vikombe vya maua. Mafuta ya taa, yakiwa yamepoteza makao, yakahamishiwa kwenye jagi la maji ya kunywa. Jirani aliyekuja kuazima jembe akaomba maji, akamiminiwa bilauri. Kilichomwokoa ni pua yake. Jembe aliliacha.

Kisha likaja lile kopo kubwa. Shemeji alilitoboa kwa nyundo na msumari, nyota juu ya nyota, akalipaka rangi ya dhahabu na kuwasha mshumaa ndani. Usiku ule ukuta mzima ulijaa nyota. Mama mwenyewe aliketi akasifu: "Huyu mtoto ana mikono."

Asubuhi ya soko Mama akatafuta gorogoro yake.

Asiyezijua biashara za mpakani aelewe kwamba gorogoro ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, nalo ndilo mizani ya akina mama sokoni. Wajanja huligonga kitako kikaingia ndani ili lipime pungufu. La Mama kitako chake kilikuwa kimenyooka, na juu yake alikuwa akiweka kilele mpaka nafaka imwagike. Wateja wa ng'ambo ya mpaka walilijua kopo lile kama wanavyomjua yeye. Kuja na jingine ni kutangaza kwamba umeanza wizi.

Kwa hiyo alilichukua vivyo hivyo, na dhahabu yake. Angekuwa anauza mahindi, pengine siku ingepita salama. Lakini siku hiyo alikuwa na wimbi. Kila alipojaza, wimbi lilichuruzika kupitia kila nyota, na kuku wa soko zima wakapata habari. Mteja mmoja akamuuliza, "Mama, leo unauza ama unapanda?"

Kesi ilisikilizwa jioni ile ile chini ya mwembe. Mke wangu akajitolea kulipa kopo. Mama akamuuliza duka gani linauza kopo tupu. Kweli, halipo: kopo huuzwa likiwa limejaa, na njia ya kulipata ni kula kilichomo. Tukanunua mafuta, tukaanza. Chapati asubuhi, mandazi saa kumi, viazi vya kukaanga usiku. Watoto walimwomba Shemeji atoboe na lile la kuchotea maji.

Hukumu ya pili ndiyo iliyotuletea amani. "Mwanangu," Mama alimwambia, "ukitaka kitu kisicho na kazi, kiko kwenye mtaro."

Alikuwa anazungumzia kavera, mifuko ya plastiki. Uganda ilipiga marufuku ile myepesi tangu 2009, lakini sokoni hakuna aliyeiambia. Ikishatoboka haibebi wala haiozi. Huziba mitaro, na mbuzi akiila hupona kwa bahati. Shemeji aliziokota kavera hizo, akaziosha kwa sabuni, akazianika kwenye kamba pamoja na nguo zetu, akazikata utepe na kusuka maua: mekundu, meupe, meusi. Sebule ikapendeza kweli, na safari hii hakuna chombo kilichoondolewa kazini.

Mke wangu ana dada aliyeolewa Busia ya Kenya. Alipoyaona akataka shada la sebuleni kwake. Mumewe, mtu wa sheria hata mezani, akakataa katakata. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyotangazwa ilikuwa faini ya shilingi milioni mbili hadi nne, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne.

"Hili ni ua, si mfuko," Shemeji akatetea. "Halibebi hata kitunguu."

"Nikishikwa, nani atamweleza hakimu lilianza lini kuwa ua?"

Wakajadili mpaka chai ikapoa. Kuna aliyependekeza njia za panya. Mama akamtazama mpaka akainama. Yeye huvuka mpaka na gunia lake mchana kweupe, na hakuwa tayari kuona ukoo ukifungwa kwa sababu ya shada. Akaamua kwamba maua yabaki Masinya, na anayeyatamani avuke kwa nauli yake.

Wanavuka. Kila Jumapili dada huja kuyatazama, na mume na watoto na jirani mmoja wa kuyashangaa, na mgeni hatazami maua kwa njaa. Mapambo yetu ya bure sasa yanatugharimu pakiti nzima ya unga kwa wiki. Shemeji aliiomba hiyo pakiti, kwa kuwa ni karatasi nzuri, lakini alichelewa. Watoto walikuwa wameshafunikia madaftari.